Ufagio Mlangoni

Saa tisa na dakika sita usiku, Tartu.
Theluji imeziba kioo cha jikoni,
simu inatetema juu ya friji
kama nyuki aliyenaswa koponi.
Si msiba. Ni bili,
inapanda huku naitazama:
euro mia nne, euro mia saba,
mashine sitini na mbili zimewashwa kwa jina letu
huko São Paulo, tusikokuwa na mteja hata mmoja,
zinasaga hesabu za sarafu isiyoshikika
kwa faida ya mtu nisiyemjua.

Nilijua kabla sijavaa soksi.
Ijumaa, nikiiwahi sauna ya shemeji,
niliirusha hewani programu ya kliniki ya macho:
miadi, majina, namba za vitambulisho,
wazee wa Võru na mtoto wao wa jicho;
na ndani ya msimbo, mstari wa kumi na nane,
niliuacha ufunguo.
Uchi. Bila hata kitambaa.
Nikajiambia, ni kwa muda tu.
Huyo Muda Tu ndiye mwizi wa kwanza;
wa pili hukuta mlango umeshafunguliwa.

Nikampigia Leelo Kuusik.
Hakufoka. Afadhali angefoka.
Nilisikia birika lake likianza kunguruma,
kisha vidole kwenye kibodi, kisha:
"Usizime kitu. Ua ufunguo kwanza.
Aliye ndani hafukuzwi kwa kuzima taa."

Tukauua.
Tukachonga mwingine, tukaufungia
mahali ambapo hata mimi siwezi kuusoma.
Tukafungua batli, mstari kwa mstari:
roboti iliuokota baada ya dakika nne.
Dakika nne! Nilikuwa bado naitafuta
glovu yangu ya kushoto.

Watu husema wingu, nami niliamini:
kitu cheupe, cha juu, kisicho na kitasa.
Kumbe ni jumba lisilo na madirisha,
lenye milango mingi kuliko mji,
na kila mlango hungoja uuambie
nani aingie.
Nami niliambia programu yangu: ruhusa zote.
Kwa kuwa "zote" ni neno fupi.

"Na hifadhidata?" nikauliza.
Kimya. Birika limeshachemka, hakuna anayemimina.
Nikawaona wale wazee mmoja mmoja,
majina yao yakipigiwa mnada.

"Amebisha mara tatu," akasema.
"Hakufunguliwa.
Ni lile lango ulilolilalamikia Novemba."
Kweli, nililalamika. Kikaoni, mbele ya watu,
nikaliita urasimu wa kike.
Nililimeza neno hilo usiku huo
bila maji.

Bibi yangu Salme, kisiwani Saaremaa,
hakuwa na kufuli.
Akitoka aliegemeza ufagio mlangoni,
maana yake: sipo, usiingie.
Na hakuna aliyeingia, miaka arobaini,
kwa sababu kila mpita njia alikuwa na jina
na mama yake alijulikana.
Mimi ni mjukuu wa ufagio ule.
Nimeusimika mbele ya dunia nzima
nikitarajia dunia ipite kwa adabu.

Kukaanza kupambazuka, kijivu, kwa uvivu.
Nilifuta "zote". Nikaandika kwa urefu:
hii isome, hapa, hapa tu.
Ile isiandike.
Hii isijue kama ile ipo.
Kazi ya kuchosha, kama kushona vifungo.
Bili ilisimama kwenye elfu mbili mia tatu na kumi na tisa;
wenye jumba wamesema watafikiria.

Saa mbili na dakika mbili asubuhi
mtu fulani wa Võru akaomba miadi,
jicho la kushoto.
Tukamuuliza yeye ni nani.
Akajibu.
Tukamwacha apite.