Ukuta wa Bi Mwanatumu

Majengo, maji huja kama mwizi, saa nane za usiku:
hayapigi hodi, hayana siku.
Bomba la uani hukohoa kwanza,
likatema kutu, likanyamaza,
halafu, ukiwa macho, utasikia uzi mwembamba
ukigonga kitako cha ndoo.
Ukiwa umelala, basi.
Asubuhi utanunua mtungi kwa wenye mikokoteni,
na bei wataisoma kwanza usoni mwako.

Mimi mwaka ule nililala sana.
Nilikuwa nikishona sare za skuli mpaka saa sita,
kola na vifungo, kola na vifungo,
na usingizi ukinishika ni kama kuzikwa.

Chumba cha pili alikaa Bi Mwanatumu.
Tulikuwa hatuamkiani.
Sababu ni kamba ya kuanikia:
naikumbuka shuka yake, nayakumbuka matope,
nani alianza sikumbuki.
Ila nilimwambia neno juu ya mwanawe
ambalo hata leo likinirudia
natafuta kazi ya kushika mikononi.
Miezi minane. Tukipishana ukumbini
yeye hutazama dari, mimi sakafu.

Usiku mmoja ukuta ukabishwa.
Ko. Ko. Ko.
Si mlango, ukuta, pale pale kichwani pangu,
kwa kitu kigumu, labda mwiko, labda kata.
Nikatoka na maneno yangu tayari mdomoni.
Uani hapana mtu.
Bomba lamwaga,
ndoo zake nne zimejaa, zimefunikwa sinia,
na mlango wake ameshaurudisha.

Nikajaza. Ahsante sikusema,
ningeisemea wapi?
Kulipokucha dari ilikuwa dari
na sakafu sakafu.

Lakini kila maji yalipotoka, ko, ko, ko.
Hata usiku ule wa masika
bati likipigwa na mvua kama ngoma za harusi,
nami ni macho, nalisikia bomba mwenyewe,
nikajilaza kimya kumngoja,
kama mtoto anayejifanya kalala
ili abebwe.
Akabisha.

Mwezi wa Shaabani mwanawe, yule yule,
akaja na tuktuk kumchukua akakae naye Mtwapa.
Nikashika ncha moja ya godoro bila kuambiwa.
Kizingitini akasema, bila kunitazama:
“Siku hizi huanza kukohoa saa saba u nusu.
Usingoje saa nane.”
Nikasema, “Bi Mwanatumu, shuka ile…”
“Ilitakata,” akasema.
Akapanda, akashikilia birika lake mapajani.

Sasa chumba kile yumo kijana, mpakizi wa magunia Shimanzi.
Jina lake Barasa, ingawa hakai nje na mtu.
Viatu vyake huviacha katikati ya njia,
redio yake haijui usiku wala Ijumaa.
Simpendi sana, nisijisifu.

Jana, saa saba u nusu, bomba likakohoa.
Nikajaza zangu, nikafunika.
Nikasimama mbele ya ukuta na mwiko mkononi
kama mtu aliyesahau alichokuja kupika.
Ningeweza kulala. Nani angejua?
Nikaona pale chokaa ilipobonyea upande wangu,
kishimo kidogo, kama alama ya ndui,
usiku baada ya usiku.

Ko. Ko. Ko.

Kimya. Kisha kitanda kikalia,
kisha nyayo, kisha sauti nzito ya usingizi:
“Nani?”
Mlango nimeshaurudisha. Nimelala, macho darini.
Nikaisikia ndoo yake ikianza kupokea.
Ndoo moja. Ilijaa upesi,
na maji yakaendelea kumwagika bure sakafuni
naye amesimama hapo hajui afanye nini.

Leo usiku nitaiacha yangu ya bluu
pale bombani,
kama niliyeisahau.