Kiti Kisicho na Mikono

Kiti ni cha plastiki, cha ukumbi wa kanisa, Newport,
hakina mikono.
Carys amekisukuma hadi ukutani kisikimbie.
"Pishanisha mikono kifuani, Bi Mwanahija.
Nusu dakika. Simama, keti, simama.
Mimi nahesabu."

Mara ya kwanza, mwezi wa pili, nilisimama mara nne.
Ya tano ilikwama katikati:
matako yameshaaga kiti, magoti hayajanyooka,
nikabaki hapo kama mtu anayechungulia kisima
hadi saa ikalia.

Mizani.
Marehemu Shekue aliihesabu kwa vidole mezani,
nane hapa, nane kule,
akituma beti zake gazetini nyumbani kwa stempu za malkia.
Mizani yangu mimi ni ya kioo, iko chooni,
haijui vina, inajua namba moja tu:
mia na nane.
Daktari alisema punguza. Nikapunguza.
Nilikula kabeji hadi nikachukia rangi ya kijani.
Kilo tisa zikaondoka,
nikabana magauni, nikaringa msikitini,
kisha Ijumaa moja nikaingia kwenye hodhi kuoga
na sikuweza kutoka.

Simu ilikuwa jikoni.
Maji yalipoa. Nilimngoja Salha atoke kazini, saa mbili na robo,
nimejifunika taulo lililolowa,
nahesabu vigae.
Alinitoa. Hakusema neno.
Hilo ndilo lililoniuma.

"Zile kilo," alisema Carys, "si zote zilikuwa mafuta.
Umetupa na msuli."
Nikacheka. Msuli?
Msuli kwetu ni ule wa Shekue, wa mistari ya zambarau,
aliojifunga kulalia,
bado uko kabatini, umekunjwa, unanuka dawa ya nondo.
Kumbe nguo na nyama zina jina moja
na tabia mbili:
nguo huchakaa kwa kuvaliwa,
nyama huchakaa kwa kuwekwa.

Basi Jumanne na Alhamisi niko hapa.
Tuko saba. Bwana Beddoes alifanya kazi kiwanda cha chuma
miaka thelathini; sasa soksi inamshinda.
Icilda wa Jamaika anavuta utepe wa mpira
na kuuambia maneno yasiyosemwa kanisani.
Utepe wangu ulikuwa wa manjano, wa wanaoanza.
Sasa nina mwekundu.
Nyumbani nanyanyua pakiti za mchele, kilo mbili kila mkono,
kisha naupika, kidogo, kwa samaki na maharage.
Kabeji nimeiacha iende zake.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wako mwenyewe je,
ule unaolala nao, unaopanda nao mlima wa Stow
huku vijana wakikupita wanatafuna chipsi
na mmoja anacheka, wala si kwa siri?
Mtu wa kilo mia, kila anaposimama,
amenyanyua mia.
Nani kati yao amenyanyua mia leo?

Magoti yanalia, usidhani hayalii.
Kuna Jumanne nimebaki kitandani nikadanganya nina mafua.
Na mizani ya chooni tangu mwezi wa tano
imeganda palepale, tisini na tisa.
Nimeacha kuisalimia.

"Tayari?"
Moja. Mbili. Beddoes anahesabu pia, kwa sauti ya kiwandani.
Sita. Saba. Mvua inapiga dirisha.
Nane. Hapo Shekue angeweka mkato,
angevuta pumzi, angeanza kipande cha pili.
Mimi sina mkato. Tisa.
Ya kumi mapaja yanatetemeka,
mikono inataka kushika kitu na hakuna kitu,
naenda juu, polepole, naenda,
saa inalia nikiwa nimesimama.

Jumapili nitaingia tena kwenye hodhi.
Maji ya moto, mlango bila komeo.
Simu nitaiweka ukingoni.
Nimepata nguvu, sijapata wazimu.