Marudio

Jicho la kulia lilikufa zamani, kwa surua.
La kushoto daktari kalisafisha, kalifunga pamba na plasta,
akasema: mpaka Jumapili.
Basi nikaomba likizo bandarini,
nikanunua tokeni ya stima ya mia tano,
nikaketi na Mama mbele ya runinga, Tudor Nne,
mimi nikiwa macho, yeye akiwa amri.

"Nambia. Yuwafanyani saa hii?"

Jumatatu, tamthilia ya Waturuki
waliotiwa Kiswahili cha bara midomoni:
mdomo umeshafunga, sauti bado yatoka.
Mama hakunihitaji sana.
"Bibi harusi ana sauti ya yule hakimu,
na hakimu ana sauti ya mpishi.
Watu watatu wamelipwa, mji mzima wanena."
Alitaka gauni tu. Nikasema jeupe.
"Jeupe vipi? Kama tui, au kama chokaa?"
Nikatazama tena.
Kama tui la pili, nikasema. Akaridhika.

Jumanne wakaleta picha ya Kihindi, ya zamani,
maandishi ya Kiingereza yakikimbia chini kama siafu.
Kijana aaga, apanda treni,
mamake abaki na sahani iliyofunikwa kawa.
Hapo nikaona inakoelekea,
na Mama alikuwa ameacha kutafuna kashata.

Swabiri wetu yuko Doha.
Alipiga simu mfungo mosi.
Sasa ni mfungo sita, maulidi yasomwa mtaa wa pili.

Kwa hiyo kijana alipoanguka matopeni
na yule mwanamke akapiga yowe,
nilisema: "Amemuona. Yuwaja. Yuwalia kwa furaha."
"Amekonda?"
"Kidogo."
"Kavaani?"
"Shati la samawati. Kabeba begi."
Uongo ukishapata nguo
hutembea wenyewe.

Jumatano stima zikapotea tangu magharibi.
Tukabaki vivyo hivyo, tumeelekea kioo cheusi,
mimi nikilaani kampuni na ukoo wake.
"Mimi," akasema Mama, "sijaona tofauti."

Alhamisi na Ijumaa sikumbuki vyema.
Taarifa ya habari, mapishi, wabunge wakitukanana.
Nilisinzia. Akanitia kiwiko:
"Mbona hadithi imekoma?"

Jumamosi, mpira.
King'amuzi chetu ni cha rahisi, huchelewa;
kwa kina Shekuwe, nyuma ya ukuta, mechi ni ya sasa,
kwetu ni ya sekunde sita zilizopita.
Wakapiga ukelele, sufuria ikaanguka.
"Goli," akasema Mama,
na mimi bado naona kona, watu wakivutana mashati.
"Hakuna goli, Mama."
"Ngoja. Litafika."
Likafika.
Mara tatu ikawa hivyo.
Mara ya tatu sikutazama skrini, nilimtazama yeye.

Jumapili plasta ikatoka.
Akaangalia dari, akaangalia pazia, "chafu hili,"
akaniangalia mimi: "Na wewe waota mvi."
Alasiri wakarudia ile picha ya Kihindi.
Nikanyoosha mkono kwenye rimoti.
"Wacha."

Akaitazama yote, jicho likimtoka maji.
Kijana akaanguka. Hakuinuka.
Begi halikuwapo. Shati lenyewe lilikuwa la kahawia.

"Mama..."
"Nilisikia Jumanne. *Maut*, alisema yule mwanamke, mara mbili.
Neno hilo ni letu pia, sisi twalitia irabu tu mwishoni.
Lakini wako alikuja na begi.
Nikasema, na aje."

Akazima runinga mwenyewe.
Akalifumba jicho lake jipya.
"Haya. Lile begi. Ndani mlikuwa na nini?"

Nikaanza kutoa: kanga doti mbili, bado na nembo ya duka.
Chupa ya udi iliyovuja kidogo kwenye soksi.
Tende. Chaja ya simu, iliyokatika waya.
"Ah," akasema, "ndiyo maana."

Nyuma ya ukuta kina Shekuwe wakapiga ukelele.
Tukanyamaza sote wawili, tukingoja lifike,
ingawa kwetu runinga ilikuwa imezimwa.