Maboksi Arobaini na Moja

Saa nane usiku simu ilitetemeka chini ya mto.
Lin wa Yiwu, ambaye hatujawahi kushikana mkono,
anayewajua wanangu kwa picha tu,
ameandika kwa Kiswahili cha mashine:
"Dada Rukaiya, mnunuzi wa Amerika amekufa."
Nikaketi kitandani nikasema inna lillahi
kabla sijang'amua kwamba hajafa mtu.
Imekufa oda.

Huko wanakokaa mezani, ushuru ulipanda asubuhi,
ukapanda tena kabla ya chakula cha usiku,
ukashuka, ukaahirishwa,
kama bei ya nyanya Ilala mvua ikikata barabara.
Hanoi wana namba yao, Dhaka wana yao,
Delhi wamekaa kwenye benchi wanasubiri kuitwa,
kama sisi Amana, na kadi mkononi.
Redio iliita hayo mazungumzo.

"Nusu bei," akaandika Lin.
Nikanyamaza. Kariakoo kunyamaza nako ni kutaja bei.
"Robo."
Mali gani?
"Mapambo ya sikukuu. Kitambaa kizuri. Rangi tatu."

Kontena lilikaa bandarini siku ishirini na mbili.
Kisandu, wakala wangu, alikwenda Kurasini akarudi,
akaenda tena,
kila safari fomu mpya na soksi zilizolowa.
Afisa alimuuliza thamani ya mzigo.
Kisandu akasema: thamani kwa nani, mkuu?
Jibu hilo lilituongezea siku nne.

Boksi la kwanza tulilipasua ngazini, Mtaa wa Aggrey,
pembeni ya Salha muuza zipu na sindano.
Zikamwagika bendera.
Bendera ndogo za Marekani, nyota na mistari,
kila moja na kijiti chake cha mwanzi,
kumi na mbili kwa pakiti, pakiti mia kwa boksi,
maboksi arobaini na moja.
Piga hesabu mwenyewe; mimi nilipiga mara tatu
nikitumaini nimekosea.
Kwenye pindo, kwa herufi za sisimizi: Imetengenezwa China.

Salha alicheka mpaka akashika ukuta.

Nimewaona watu alfajiri pale ubalozini, Msasani,
bahasha za kaki kifuani, shati limepigwa pasi,
na nimewaona wakitoka saa nne bila kuniangalia.
Bendera kunyimwa kuingia kwao
ndiyo mara yangu ya kwanza.

Watu husema tembo wakipigana nyasi ndizo huumia.
Sawa. Ila safari hii nyasi zimeuziwa viatu vya tembo,
kwa mkopo,
na kodi ya fremu inaisha tarehe tano.

Vijiti vilitangulia: wachoma mishikaki wa Kinondoni
walivibeba kwa viroba, hawakuuliza vimetoka wapi.
Kitambaa kilibaki kimelala, chepesi, kinateleza,
hakifai shuka, hakifai kanzu,
na nani avae uani deni la mtu mwingine?
Ni fundi Mbaruku wa Mtaa wa Sikukuu
aliyekigeuza, akakivuta, akakinusa hata,
akasema: hiki ni bitana.

Basi mabegi ya shule ya Januari,
yale ya bluu yanayochanika mkanda kabla ya Pasaka,
nje ni bluu tu.
Ndani, penye giza la mfuko,
penseli za watoto wa Temeke zimelala juu ya nyota
na kipande cha muhogo kinapaka mafuta mistari.
Sikupata faida. Nilirudisha pesa ya Lin
pungufu kidogo, akanitumia kikaragosi kinacholia.

Jana, saa nane usiku tena, mto ukatetemeka.
"Dada Rukaiya. Habari njema. Wamekubaliana.
Mnunuzi wa Amerika amefufuka.
Bendera bado zipo?"

Nikamtazama mwanangu amelala, begi miguuni.
Nikaandika: zipo, Lin.
Lakini sasa zimebeba madaftari.