Kuganda

Winnipeg, Februari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Hapa kila kitu huganda:
kufuli, maziwa yaliyosahauliwa garini,
kope za mwanafunzi anayengoja basi Barabara ya Selkirk
na daftari la patholojia ndani ya koti.

Kitu kimoja tu, alisema Darlene Favel, mwalimu wetu,
kikipoa hakigandi vizuri: damu.
Nilidhani sikumsikia.
Yeye ana maneno mawili, la barafu na la kidonda.
Mimi ninalo moja,
na ndani ya hilo moja nikauona mji mzima umekuwa jiwe,
na majeruhi mmoja aliyeachwa apoe
damu yake imesahau namna ya kuwa jiwe.

Usiku nilisoma jikoni, miguu juu ya kipasha joto.
Seli ikikosa oksijeni haifi papo hapo.
Kwanza inabana matumizi:
inachoma sukari nusunusu,
inapata senti mbili pale ilipozoea thelathini,
na moshi wa jiko hilo ni asidi.
Kisha yule kibarua wa mlangoni,
anayetoa chumvi nje usiku kucha,
anakosa ujira, anaketi.
Chumvi inaingia. Maji yanaifuata chumvi.
Seli inavimba kama maharage yaliyolowekwa.
Maharage nayajua.

Na kwa kuwa mtihani haungoji, nikajitungia ubeti,
kama shangazi Mwanaidi alivyotukaririsha hesabu kwa vina:

*Damu ikikosekana, moyo huenda haraka,*
*Mishipa nayo hubana, na ngozi ikapauka,*
*Shinikizo hupambana, lisije likaanguka,*
*Likishuka kwa bayana, mwili umekwisha choka.*

Nilipata tisini na mbili.

Zamu yangu ya tatu na Darlene, mzee Orest Hnatiuk,
miaka sabini na minne, kateleza kwenye ngazi zake
akimwaga chumvi ili wengine wasiteleze.
Ubavu wa kushoto ulipiga chuma.
Tulimkuta sebuleni, kaketi, anatuuliza kama tumekula.
Presha, mia na kumi na mbili.
Mapigo, sabini na nane.
Nikausoma ubeti wangu kimoyomoyo: moyo hauendi haraka.
Nikaandika: *hali shwari.*

Darlene hakuangalia mashine.
Aliweka kiganja juu ya goti la mzee,
akakiacha hapo, kama mtu anayepima chuma cha pasi.
Goti baridi. Paji la uso linatoa jasho,
katika nyumba ambayo mimi nilikuwa bado na glavu.
"Bega linakuuma?"
"La kushoto. Ajabu, halikuguswa."
"Na dawa, unameza zipi?"
Akaonyesha kichupa dirishani, kando ya picha ya mkewe:
kidonge cha kuutuliza moyo, kila asubuhi, miaka kumi na mmoja.

Basi moyo ulikuwa umefungwa mdomo.
Ulitaka kupiga kelele, ukazuiwa.
Bandama inavuja, damu inapanda
kulichokoza pazia la pumzi,
na bega, ambalo halijui lolote,
ndilo lililotumwa kulia kwa niaba.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.
Hawakusema kitu kuhusu mwili unaomficha mgonjwa mwenyewe,
unaozima taa za vyumba vya uani,
ngozi, utumbo, figo,
ili sebuleni kuwake, wageni wasijue.

Tulimfunika mablanketi matatu. Joto la gari juu kabisa.
Darlene aliendesha. Mimi nilimshika mkono,
nikimuuliza mambo ya bustani asije akalala.
"Nyanya," alisema. "Nyanya za mwaka jana..."
Hakumaliza. Presha, themanini na nne.
Mlango wa hospitali ukafunguka, wakamchukua.

Hawatuambii kinachofuata. Ndivyo kazi ilivyo.
Nilisugua sakafu ya gari, nikakuta punje za chumvi,
zake, zilizotoka kwenye ngazi,
nikaziacha kidogo.

Ubeti unahitaji mstari wa tano.
Nina neno la kwanza tu: *goti.*
Kina bado sijakipata.