Uhalisia Ulioongezwa Chumvi

Wiki sita nililea samaki wasiokula.
Chumba cha juu, mtaa wa Troino, Setúbal,
nikawapa magamba, mmoja mmoja,
nikawapa jicho linalokufuata ukipita,
na kivuli. Kivuli kilinila siku tatu,
maana kitu kisicho na kivuli
hata mtoto hukitilia shaka.

Uhalisia ulioongezwa, ndivyo mkataba ulivyosema.
Umeongezwa nini? akauliza Valdemar,
mrithi wa kiwanda cha sardini cha Bonifrate
na wa mikono mizito ya babake.
Chumvi, nikamjibu.
Hakucheka. Akatia saini.

Mpango ulikuwa huu: Jumamosi, saa kumi na moja,
jukwaa mbele ya soko,
na juu yake bati moja kubwa kama mlango,
milia ya buluu na nyeupe.
Elekeza simu, uone simu
(neno moja, chombo na samaki; sikulitunga mimi),
wakimwagika juu ya vichwa vya watu,
wakizunguka nguzo ya taa, wakiingia mikobani.
Atakayemgusa mmoja kwa kidole
apewe mkate na samaki wa kweli,
wa moto, anayechuruzika mafuta.

Watu walikuja. Nilihesabu hadi mia mbili, nikaacha.
Simu zikainuka.
Hakuna kitu.
Jua lilikuwa limelilalia bati
na kamera hazikuona milia, ziliona mng'ao mtupu.
Valdemar akanitazama
kama mtu anavyoitazama hundi iliyorudishwa na benki.

Ndipo kijana mmoja mwenye pengo akapiga kelele:
"Kule! Wanatoka kule!"

Ghorofa ya tatu, ng'ambo ya barabara,
Dona Ermelinda alikuwa ameanika shuka.
Milia ya buluu na nyeupe, upana uleule,
utadhani tulikatiwa jora moja.
Upepo ulipolijaza, samaki wakamiminika;
lilipokunjamana wakakwama,
nusu mkia, nusu ukuta;
likatanuka tena, na kundi zima likashuka
likipita foronya, likipita soksi za marehemu mumewe
ambazo bado anazifua, sijui kwa nini.

Jukwaa letu likapewa kisogo.
Msemaji wetu alibaki na kipaza sauti
akiwasalimia viti.
Umati ukasongamana chini ya kamba ya nguo,
na Ermelinda akatokeza na vibanio mdomoni,
akaona simu zote zimemwelekea,
akadhani nyumba inaungua.

"Mnatazama nini? Hilo ni shuka!"
"Limejaa samaki, bibi. Njoo uone."
Akashuka na ndara zake, akaazima simu ya jirani,
akalitazama shuka lake kwa muda
ambao mimi nilikuwa nikiuhesabu kwa pumzi.
Miaka thelathini na mmoja alikata vichwa vya sardini
kwa babake Valdemar.
"Hawa hawanuki," akasema,
akairudisha simu.

Sikuwa na la kujibu. Wiki sita, na pua sikuikumbuka.
Ni Valdemar aliyesogea kwanza.
Akashika jiko la mkaa mguu mmoja, mpishi mwingine,
wakalivusha barabara cheche zikiruka,
wakaliweka chini ya kibaraza hichohicho.
Moshi ukapanda. Samaki wangu wakaogelea ndani yake
kana kwamba niliwachora kwa ajili ya moshi,
na watu wakala wima, vidole vinang'aa,
vioo vya simu vikajaa alama za mafuta
hadi asiyeona tena akacheka tu.

Juu, sauti moja ilikuwa ikilalamika:
"Na shuka? Nani atalifua tena?"

Kwenye ankara, kati ya mitambo na taa,
niliandika: kufua shuka moja, euro nne.
Hiyo pekee ndiyo iliyolipwa bila swali.

Siku hizi, kabla sijachora hata kivuli,
hutembea mtaa mzima, kichwa juu,
nikikagua kamba za nguo.