Kamba ya Mbuzi

Skrini ilisema nne.
Nne alfajiri, nne adhuhuri, nne usiku wa manane,
tarakimu ya kijani, tulivu
kama shahidi aliyekwisha amua kusema uongo.
Nje, Nizwa ilikuwa na nyuzijoto arubaini na saba.
Ndani ya jokofu, nyuma ya mlango wa kioo,
insulini ilishageuka maji ya uvuguvugu.

Sikujua. Nitaliandika hivyo hivyo: sikujua.
Macho yalisoma nne, mkono ukatoa kichupa,
ukampa mama yake Muhannad,
naye akanishukuru, akaniombea dua,
akaenda zake na mfuko wa barafu
kukilinda kitu kilichokwisha kufa.

Mtoto ana miaka kumi na moja.
Alilala siku tatu chumba cha mahututi,
akaamka akiomba maji, kisha akauliza nani alishinda mechi.
Namshukuru Mola.
Lakini shukrani si jibu.

Kamati ilikaa Jumatatu. Meza ndefu, tende, kahawa.
"Nani alitia saini daftari la baridi?"
Mimi. Raya binti Khalfan, kila siku, wino wa buluu,
nne, nne, nne, nne,
safu nzima imenyooka kama meno ya bandia.
"Hukufungua mlango ukahisi kwa mkono?"
Niliufungua. Mkono wangu si kipimajoto,
ndiyo maana mlinunua programu.

Programu ilijisasisha usiku wa Alhamisi.
Ikaacha kukisikiliza kipimo,
ikabaki na namba ya mwisho iliyoisikia,
ikairudia na kuirudia
kama kasuku wa marehemu.

Nikautafuta mkataba. Kurasa arubaini na moja,
nilizozikubali saa kumi na mbili na dakika arubaini asubuhi,
foleni imefika barazani,
kwa kubonyeza neno moja.
Kifungu cha kumi na saba: bidhaa hii inatolewa kama ilivyo.
Mtengenezaji hatawajibika kwa hasara, maradhi wala kifo.
Ukitokea mgogoro, mahakama iko katika mji
ambao jina lake sijui hata kulitamka.
Kama ilivyo.
Ilivyoje? Nani aliniambia ilivyo?

Hapa hapa Nizwa, Ijumaa, jua halijakaza,
watu hukaa duara na mbuzi huzungushwa kwa kamba.
Mnunuzi hufungua kinywa, huhesabu meno,
hubonyeza kiwele, huinua mkia bila haya.
Na bado muuzaji, akiijua ila, huitaja:
huyu anachechemea, huyu aliharibu mimba mwaka jana.
Bibi yangu, mzaliwa wa Chake Chake,
alituonya kwa Kiswahili ili wauzaji wasielewe:
msinunue mbuzi kwenye gunia.

Ami Hamdun aliwahi kuuza jike
aliyekauka ziwa moja, akanyamaza.
Ijumaa iliyofuata wakamrudishia mbele ya duara zima.
Akaipokea kamba.
Akahesabu riali, moja moja, masikio yamemwiva,
mbuzi akimtafuna pindo la kanzu.
Hakusema kama alivyo. Angelisema
nani angenunua tena kwake hata kwato?

Mimi nimepewa barua ya onyo. Nimeipokea.
Jana nilinunua kipimajoto cha kioo,
riali moja na baisa mia mbili,
nikakining'iniza katikati ya vichupa.
Leo kampuni imeleta ujumbe, hauna jina la mtu:
toleo jipya liko tayari, uthabiti umeboreshwa.
Chini yake, kitufe kile kile.

Sijakibonyeza.
Nimesimama katikati ya duara, kamba mkononi,
mbuzi wao yuko upande wa pili, tumbo limemvimba.
Natazama nyuso, moja baada ya nyingine.
Hamdun wa huyu ni nani?